Kisa cha Papa Amani: deni la IRS la dola 27,000 na barua zilizoenda nyumba ya zamani

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya ndugu zetu wa Kiswahili walioko Marekani, hasa wale waliotoka kazi ya kiwandani wakaingia kuendesha gari kwa 1099 (yani kama kontrakta, sio mwajiriwa), maana hii shida naiona kila msimu wa kodi na watu wanaibeba kimya kimya kama vile ni aibu ya familia. Jina sio lake, mji na jimbo nimeviacha, kampuni zote nimezitoa. Hela nimezisogeza kidogo asitambulike mtu, ila hesabu zinafuata sheria za miaka husika, ukikaa na kalkuleta utazipata. Mimi nilikuwa upande wa kliniki ya kodi iliyomsaidia, yani ofisi inayosaidia watu wa kipato cha chini wenye shida na IRS, idara ya kodi ya Marekani.

## Familia na kazi zao

Papa Amani alitoka Kivu ya Kusini, akakaa Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, alafu akaletwa Marekani kama mkimbizi pamoja na mke wake. Wana watoto wanne, wote wakati huo chini ya miaka 17. Miaka ya mwanzo alikuwa kiwanda cha nyama, analipwa kila wiki, kodi inakatwa humo humo kwenye cheki, Januari inakuja W-2 (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa), anaipeleka kwa mtu wa kodi, Februari au Machi rifandi inaingia. Kwa hiyo kwenye kichwa chake kodi ilikuwa ni kitu serikali inakurudishia, sio kitu unachodaiwa. Hakuna aliyemwambia tofauti na sioni kwa nini angejua mwenyewe.

Mwaka 2021 mabega yakagoma, akaacha kiwanda akanunua gari la mizigo la mtumba akaanza kupeleka vifurushi kama kontrakta. Mama Amani akaendelea na kazi ya usafi hotelini, yeye bado ni W-2. Hapa ndo pa kuelewa vizuri kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapa. Ukiwa W-2 mwajiri anakukata kodi ya mapato na anakulipia nusu ya Social Security na Medicare. Ukiwa 1099 hakukatwi hata senti, unapokea hela nzima, na zile pande mbili za Social Security na Medicare zote ni zako, asilimia 15.3 ya faida yako (kwa usahihi ni ya asilimia 92.35 ya faida), na hiyo ni mbali na kodi ya mapato ya kawaida. Ukipata faida ya dola 400 tu kwa mwaka tayari unatakiwa kufaili (kupeleka ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka) na kuilipa.

## Ilivyotokea

Februari 2022 akapeleka makaratasi kwa jamaa mmoja anayefanyia watu kodi nyumbani kwake. Akampa W-2 ya mama ya dola 24,000 na 1099-NEC yake (karatasi ya malipo ya kontrakta) ya dola 46,000. Yule jamaa akaingiza W-2 peke yake. 1099 akaiacha nje kabisa, na kwa kuwa mshahara wa mama peke yake ulikuwa mdogo, ile krediti ya wafanyakazi wa kipato cha chini wanayoita EITC ikatoka yote, dola 6,728, kiwango cha juu kabisa kwa mwaka ule. Rifandi ikawa kubwa kuliko miaka yote, jamaa akachukua dola 600 taslimu, hakusaini ile ritani wala hakuweka namba ya PTIN, ambayo sheria inamtaka kila anayelipwa kutengeneza ritani ya mtu awe nayo. Juu ya karatasi ikaonekana kama familia imejitengenezea wenyewe.

Katikati ya 2022 wakahama nyumba. Wakawaambia benki na shule na mwenye nyumba. IRS hawakuwaambia, na posta hawakuwaambia.

Februari 2023 wakaenda kwa mtu mwingine, huyu ofisi anayo na ni mkweli, ila alikuwa na foleni. Akaangalia ile 1099 mpya ya dola 48,000, hakuuliza maili wala matumizi, akapiga hesabu akamwambia Papa utadaiwa zaidi ya dola 2,000. Papa hakuwa nazo. Akasema ngoja nikafikirie. Mwenzake wa kazini akamwambia kama huna hela usifaili, IRS hawawafuati watu wadogo, ukifaili ndo unawaonyesha ulipo. Akalishika hilo neno. Hakufaili 2022, na ilipofika zamu ya 2023 akaogopa zaidi maana sasa kulikuwa na mwaka wa nyuma umeruka, hakufaili tena.

Huku nyuma kompyuta za IRS zilikuwa zimeshalinganisha 1099 iliyotumwa na kampuni na ritani ya 2021, haimo. Masika ya 2023 ikatoka notisi ya CP2000, ile inayosema tunaona kipato hujakiweka, unakubali au unakataa, una siku 30 za kujibu. Ikaenda nyumba ya zamani. Agosti ikatoka notisi rasmi ya upungufu wa kodi, ile ya siku 90 za kupeleka shauri Mahakama ya Kodi bila kulipa kwanza. Nyumba ya zamani. Mwanzoni mwa 2024 deni likaandikwa rasmi kwenye akaunti yake, kisha zikafuata barua za kudai moja baada ya nyingine mpaka vuli 2024 ikatoka ile ya mwisho, LT11, inayotoa siku 30 za kuomba kusikilizwa kabla hawajachukua mali. Zote kule kule.

Moja tu ilimfikia, jirani wa zamani aliileta kwa mkono kiangazi cha 2024. Akaisoma binti yake wa miaka 13, akamwambia baba wanasema tunadaiwa elfu ishirini na kitu. Papa alikuwa amesikia sana habari za matapeli wanaojifanya IRS, akaiweka kwenye droo. Simlaumu kwa kushuku, ila utapeli mara nyingi unakuja kwa simu na kutishiwa kukamatwa leo leo na kulipa kwa kadi za zawadi, IRS wenyewe kawaida wanaanza kwa barua, na barua ina namba ya notisi pembeni ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao au kwa kuwapigia wewe mwenyewe.

Februari 2025 kadi ikakataa akiwa anaweka mafuta. Akaunti ilikuwa na dola 2,340 na benki ilikuwa imezishika zote kwa amri ya IRS. Deni wakati huo lilikuwa limepita dola 27,000.

Wiki hiyo hiyo, kwa hofu, akapigia kampuni aliyoisikia kwenye redio inayoahidi kumaliza deni la IRS kwa hela kidogo tu, akatoa dola 1,200 za kuanzia kwa kadi ya kaka yake. Walichofanya kwa hiyo hela ni kumtumia fomu za kujaza. Mtu wa kanisani ndo akamleta kliniki.

## Siku 21 za benki

Watu wengi wanadhani benki ikishafungiwa hela imekwenda. Hapana. Benki inatakiwa kuzishika siku 21 kabla ya kuzipeleka IRS, na hizo siku zimewekwa makusudi ili mtu apate nafasi ya kurekebisha. Papa alikuja zikiwa zimebaki 12. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha mambo ya deni ni halali au sio halali kwanza, tushughulike na hela iliyoko benki, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa na mwenye nyumba ameshabandika notisi ya kuwatoa.

Tukajaza Fomu 2848 ili kliniki iongee kwa niaba yake, tukajaza 433-F inayoonyesha kipato na matumizi ya kila mwezi, tukaambatanisha ile notisi ya mwenye nyumba. Afisa wa kwanza kwenye simu akasema hawezi kuachia mpaka 2022 na 2023 zifailiwe. Hili jibu watu wanapewa sana na wanakata simu wakilia. Lakini Mahakama ya Kodi iliamua mwaka 2009 kwamba kama kushika hela kunamfanya mtu ashindwe mahitaji ya msingi ya maisha, IRS lazima waachie hata kama ana ritani ambazo hajafaili. Tukaitaja hiyo hukumu, tukaomba msimamizi, tukatuma tena faksi. Barua ya kuachia ikafika benki zikiwa zimebaki siku mbili. Hela zikarudi kasoro dola 100 za ada ya benki yenyewe. Na IRS wakakubali kusimamisha kukusanya kwa muda wakati tunaleta ritani.

## Kwa nini hatukulikubali lile deni lilivyo

Kingetokea hapa kitu ambacho nimeona kwa wengine wengi, mtu akishaachiwa hela anakimbilia kuomba mpango wa malipo wa deni lote ilimradi amani irudi. Sisi tulivuta kwanza transkripti za IRS (rekodi zao), ya akaunti na ya vipato, tukaangalia ile namba imejengwa vipi. IRS walichukua 46,000 nzima nzima wakaifanya faida, kwa sababu ndo kitu pekee walichokuwa nacho kwenye karatasi. Hakuna mafuta, hakuna maili, hakuna chochote. Ikawa hivi: kodi ya kujiajiri kama 6,500, kodi ya mapato 4,600, na kwa kuwa kipato cha familia kilivuka kikomo, EITC yote 6,728 inatakiwa kurudishwa. Jumla 17,828. Juu yake penati ya asilimia 20 ya kutoonyesha kipato, kama 3,566, alafu riba inayozidishwa kila siku tangu Aprili 2022. Riba ya IRS ilianzia asilimia 4 ule wakati ikapanda mpaka 8 kuanzia Oktoba 2023 na kukaa hapo mwaka mzima wa 2024, kwa hiyo kusubiri kulikuwa ghali kweli.

Namba ya IRS haikuwa uongo, ila ilikuwa hesabu ya upande mmoja na upande wa pili haukuwa umesikika. Njia ya kuufanya usikike baada ya muda wa mahakama kupita inaitwa kuomba ukaguzi uangaliwe upya, unapeleka ushahidi ambao hawakuwahi kuuona.

Ushahidi mkubwa ulikuwa maili. Kwa 2021 IRS walikuwa wanaruhusu senti 56 kwa kila maili ya kazi. Papa hakuwa na daftari. Yeye alisema ameendesha kama maili 36,000, na mimi namwamini, lakini kwenye gari sheria ni kali, huwezi kukadiria tu hata kama makadirio yako ni ya haki. Tukakusanya rekodi za ruti kutoka kwenye programu ya kampuni, historia ya lokesheni kwenye simu yake ambayo kwa bahati ilikuwa imewashwa, na risiti za kubadilisha oili ambazo fundi huwa anaandika odomita. Ile safari ya kutoka nyumbani mpaka ghala la kuchukua mizigo tukaitoa, hiyo kwake ilihesabika kama kwenda kazini. Tulichoweza kukisimamia kilikuwa maili 31,000, sawa na dola 17,360, pamoja na simu na ada za barabara 1,140. Faida ya kweli ikawa 27,500 badala ya 46,000.

Hizo maili 5,000 zilizokosa ushahidi ni makato ya dola 2,800 yaliyopotea kwa sababu ya kukosa daftari la dola mbili.

## 2022 na 2023

Hapa ndipo palipouma. Tulipotengeneza ritani ya 2022 vizuri, na maili zake na matumizi yake, faida ilikuwa 27,000, mama alikuwa na 25,000, na baada ya krediti ya watoto wanne na EITC yao, ikatoka rifandi ya kama dola 4,500. Papa alikuwa amekimbia kufaili kwa kuogopa deni la 2,000 ambalo halikuwepo. Mwaka 2023 vile vile, rifandi kama 4,070.

Na penati ya kuchelewa kufaili? Hakuna, kwa sababu ile penati ni asilimia ya kodi ambayo hujalipa, na yeye hakuwa na kodi isiyolipwa kwa miaka hiyo. Ingekuwa anadaiwa kweli ingekuwa asilimia 5 kwa kila mwezi mpaka kufikia 25, wakati penati ya kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, yani mara kumi ndogo. Yule mwenzake aliyemwambia kama huna hela usifaili alimshauri achague ile kubwa akwepe ile ndogo. Mtu asiye na hela kabisa ndo anayetakiwa kufaili kwa wakati kuliko wote.

Kuna muda pia. Rifandi ina miaka mitatu tangu tarehe ya mwisho ya kufaili, ikipita inabaki serikalini moja kwa moja. Ya 2022 ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu.

Tukazifaili zote mbili Machi 2025, na ya 2024 kabla ya tarehe 15 Aprili. Tulijua kabisa rifandi hazitaingia mfukoni, sheria inazipeleka kwenye deni la 2021. Iko njia ya kuomba rifandi ipewe familia yenye dhiki badala ya kukatwa, lakini lazima uombe kabla haijapelekwa, na kwa kuwa kodi ya nyumba ilishalipwa na ile hela ya benki tukaona bora ikapunguze deni riba isiendelee kula.

Kitu kingine tulichofanya kwenye hizo ritani ni kuweka ile karatasi ya Schedule LEP ya kuchagua lugha ya barua. Kifaransa kimo. Papa Amani amesoma Kifaransa mpaka sekondari, anakisoma vizuri kuliko Kiingereza mara nyingi, na miaka yote hiyo mtoto ndo alikuwa anamsomea. Ndugu zetu wa Congo na Burundi wengi wako hivi hivi.

## Deni lililobaki

Vuli 2025 IRS wakajibu. Kodi ya nyongeza ya 2021 ikashuka kutoka 17,828 hadi 10,916, maana faida ndogo ilishusha kodi zote mbili na ikarudisha sehemu ya EITC, kama dola 1,655. Penati ya asilimia 20 ikashuka nayo hadi 2,183. Tuliomba ifutwe kabisa kwa hoja kwamba Papa alimpa yule jamaa makaratasi yote. Wakakataa. Ritani haina jina la aliyeitengeneza, hakuna risiti ya zile 600, hakuna hata meseji, kwa hiyo hapakuwa na cha kuonyesha zaidi ya neno lake. Baada ya kuondoa rifandi na kuongeza riba, ikabaki kama dola 8,900.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza kuomba waendelee kusimamisha kwa sababu ya hali ngumu, lakini hali ilikuwa imeanza kunyooka, mama kaongezewa masaa, na deni lililosimamishwa linaendelea kuota riba. IRS wana miaka 10 ya kukusanya tangu deni lilipoandikwa, hili lingeisha 2034, mbali sana kukaa unasubiri.

Ya pili ni ile njia kampuni ya redio iliyomuuzia, kuwaomba IRS wapokee pungufu. Ni njia ya kweli na kwa watu fulani ndo yenyewe, wazee wagonjwa, watu wasio na chochote. Lakini IRS wanapiga hesabu ya unachobakiza kwa mwezi kwa vipimo vyao mara 12, wanajumlisha na thamani ya ulichonacho, na hawapokei chini ya hapo. Kwa familia hii ilikuwa kama 500 mara 12, na gari la mama na akiba kama 3,400, inakuja 9,400. Zaidi ya deni lenyewe. Ombi lingekataliwa, na muda linapoangaliwa ile saa ya miaka 10 inasimama. Kampuni ile haikupiga hesabu hii, na inapigika kwa dakika kumi. Mimi hili linanikera kuliko yote kwenye kisa kizima, maana dola 1,200 kwa familia ya watu sita ni kodi ya nyumba.

Ya tatu mpango wa malipo. Kwa deni lisilozidi 50,000 unaufungua mtandaoni bila kueleza kila kitu ulichonacho, na kwa mtu wa kipato cha chini akikubali kukatwa benki moja kwa moja ada ya kuufungua inafutwa. Tukachagua dola 200 kwa mwezi. Angeweza kwenda juu kidogo, lakini mwaka wowote mpya akidaiwa asilipe, mpango wote unavunjika, kwa hiyo ile nafasi iliyobaki tukaielekeza kwenye malipo ya robo mwaka ya kodi ya sasa: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Kila wiki anapolipwa anaweka pembeni sehemu kwenye akaunti nyingine. Hii alikuwa hajawahi kuisikia toka aanze 1099.

Jimbo nalo lilileta lake, kama dola 700, majimbo mengi yanapata taarifa kutoka IRS. Tulipeleka zile zile karatasi, likalipwa.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichookoa ni kuja ndani ya zile siku 21. Angekuja wiki mbili baadaye hela ingekuwa imekwenda na familia imetolewa nyumbani, na mengine yote yangekuwa magumu mara mbili. Cha pili ni mpangilio: hela ya chakula kwanza, alafu ritani zilizokosekana, alafu kupinga namba, mpango wa malipo mwisho. Tungeanza na mpango wa malipo tungefunga familia kwenye deni la 27,000 ambalo zaidi ya nusu yake liliondoka.

Kilichoshindwa ni kingi na kilianza mapema. CP2000 ingejibiwa na barua moja na karatasi za maili, bila mahakama wala benki. Haikujibiwa kwa sababu haikufika, na haikufika kwa sababu IRS wanatumia anwani ya ritani yako ya mwisho. Angalia vile mambo yalivyojifunga: kutofaili 2022 ndiko kulikofanya anwani ibaki ya zamani, na anwani ya zamani ndiyo iliyoficha deni la 2021. Kisheria barua ikitumwa anwani ya mwisho wanayoijua inahesabika umeipata, hata kama hukuwahi kuishika. Fomu 8822 ya kubadilisha anwani ni kurasa mbili na haina malipo.

Haki za kusikilizwa zilipita pia. Baada ya zile siku 30 za LT11 bado unaweza kuomba kikao ndani ya mwaka mmoja kwa Fomu 12153, lakini hicho hakizuii kuchukuliwa mali wala hakikupeleki mahakamani ukishindwa. Tulikiweka akiba, hatukukihitaji.

Mama Amani alisaini ritani ya pamoja bila kuisoma, na sheria inamfanya adaiwe deni lote sawa na mume wake. Mshahara wake wa hoteli ungeweza kukatwa kila wiki. Ipo njia ya mwenzi kuomba asihusishwe, Fomu 8857, tulimweleza akiwa peke yake kama inavyotakiwa, akasema wanalipa pamoja. Uamuzi wake, ila ilikuwa muhimu aujue.

Na mtoto. Binti wa miaka 13 alibeba barua ya deni la familia kichwani miezi sita, aliwahi kuniambia alikuwa akifikiri baba atafungwa. Simu ya IRS inatoa wakalimani wa lugha zaidi ya 350 bila malipo, unasema jina la lugha yako kwa Kiingereza na unasubiri. Kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini ziko sehemu nyingi za nchi na zinapokea wanaojifunza Kiingereza, kikomo kwa kawaida ni asilimia 250 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa familia ya watu sita mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 108,000. Wengi wanaosoma hapa wamo ndani na hawajui.

Yule jamaa wa dola 600 tulimripoti kwa Fomu 14157. Bado anawafanyia watu kodi.

Suala la uraia aliliuliza Papa mwenyewe kuliko sisi. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama una kodi iliyochelewa. Kudaiwa peke yake sio mwisho wa ombi, lakini kudanganya kwenye hilo swali kunaweza kuwa mwisho. Tulimpeleka kwa wakili wa uhamiaji, akamwambia ajibu ndio na aambatanishe barua ya mpango wa malipo, ushahidi kuwa analipa kila mwezi, na transkripti za miaka mitano. Mafaili yako tayari. Ameamua asubiri kwanza mpango ufikishe mwaka mmoja wa malipo bila kukosa, ndipo apeleke ombi.